Tusiwanyime Watoto Njugu na Mayai kwa Kuogopa Mzio

Neno mzio si geni katika lugha yetu. Kabla ya madaktari kuliazima, Waswahili walilitumia kwa chakula kisichopatana na mwili wa mtu, au alichokatazwa na mganga wake ama na mila za ukoo wake. Mtu angesema, "Pweza ni mzio wangu," na hakuna ambaye angemdai maelezo zaidi. Ndani ya neno hilo moja mlikaa mambo mawili yaliyo mbali sana: madhara ya kweli yanayoupata mwili, na mwiko mtupu. Mchanganyiko huo ungali nasi hadi leo. Fauka ya hayo, umepata mshirika wa tatu, nao ni ushauri wa kigeni ambao waliotuletea walikwisha kuufuta wenyewe, lakini ambao ungali unatembea katika nyumba na kliniki zetu kana kwamba ni sheria ya nchi.

Ushauri wenyewe msomaji anaujua. Mtoto mchanga asionjeshwe yai wala samaki, na njugu karanga azisikie harufu tu hadi atimize mwaka mmoja. Wengine husema miwili, wengine mitatu. Ukimwuliza mama amelipata wapi agizo hilo, mmoja atakwambia amelipata kwa mama mkwe, mwingine kwa muuguzi, mwingine kwa jirani aliyelisoma mahali. Wote hao wana nia njema. Hata hivyo, mimi nashikilia kwamba agizo hilo linawanyima watoto wetu chakula wanachokihitaji mno, na kwamba kwa baadhi yao huenda ndilo linalowaletea yale maradhi linayodai kuyazuia. Na huku tukiwaogopesha walio wazima, wale wachache wenye mzio wa kweli tumewaacha bila ulinzi.

Ili tuelewane, yafaa tuanze na protini yenyewe. Protini ni mnyororo mrefu wa vijenzi viitwavyo asidi za amino, nao mnyororo huo hukunjwa na kuviringwa hadi ukawa na umbo lake maalumu. Tunapokula yai au maharagwe, asidi ya tumboni na vimeng'enya huukunjua mnyororo na kuukatakata, ili mwili upate vipande vya kujijengea nyama na damu. Nyingi ya protini tuzilazo huishia hapo. Zipo chache, hata hivyo, zilizo sugu. Baadhi ya protini za njugu, ambazo wataalamu wamezipa majina ya Ara h 2 na Ara h 6, zimefungwa kwa vifundo vya salfa ambavyo tumbo huvifungua kwa shida. Kwa hiyo hufika utumboni zikiwa bado na sehemu ya umbo lake, na huko hukutana na askari.

Nasema askari kwa kuwa sehemu kubwa ya seli za kinga ya mwili imepiga kambi katika utumbo. Maumbile yalikuwa na sababu. Kupitia mlango huo huingia vitu vigeni kila siku, asubuhi, mchana na jioni, na lau kila mgeni angepokewa kwa marungu, hakuna binadamu ambaye angeishi kuzeeka. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya kinga ya utumboni ni kutambua, wala si kupigana. Hufunzwa tangu utotoni kunyamaza mbele ya chakula, na zipo seli maalumu, ziitwazo seli T za kudhibiti, ambazo shughuli yake ni kuwashika mikono wenzake wasije wakashambulia ovyo. Harry Gideon Wells wa Chicago alionyesha mwaka 1911 kwamba wanyama wa maabara waliozoezwa kula protini ya yai walistahimili sindano za protini hiyo ambazo ziliwaangusha wenzao wasiowahi kuila. Wahenga waliotuambia tumkunje samaki angali mbichi hawakuwa na habari za seli, lakini wangemwelewa Bwana Wells bila mkalimani.

Taabu huanza pale protini inapochukuliwa kuwa adui. Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walieleza jinsi mbwa waliodungwa sumu ya mnyama wa baharini, wakapona, walivyokufa upesi walipodungwa tena kipimo kidogo tu baada ya majuma kadhaa. Badala ya mwili kuzoea, ulikuwa umejenga uhasama. Kwa kazi hiyo Richet alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Naye Clemens von Pirquet wa Vienna alikuwa amekwisha kulibuni, mwaka 1906, lile neno la Kizungu ambalo sisi twalitafsiri kwa mzio.

Lakini kisa ninachokipenda mimi ni cha mwaka 1921. Daktari Heinz Küstner wa Ujerumani alikuwa hawezi kula samaki. Akimla tu, mwili humvimba na pumzi kumbana. Mwenzake, Carl Prausnitz, alichukua majimaji ya damu ya Küstner akajidunga nayo katika ngozi yake mwenyewe. Siku iliyofuata alijidunga mahali pale pale rojo la samaki. Ngozi ikavimba na kuwa nyekundu, ilhali Prausnitz hakuwa na mzio wa samaki hata kidogo. Hapo ikabainika kwamba ugonjwa huu si unyonge wa roho, si deko, wala si kurogwa. Kuna kitu ndani ya damu, na kitu hicho chaweza kuhamishwa kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kukinasa. Kimishige na Teruko Ishizaka, mke na mume Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, pamoja na watafiti wengine wa Uppsala, Uswidi, walikigundua kila kundi kwa njia yake, na mwaka 1968 kikapewa jina rasmi la kingamwili aina ya E, au IgE kwa kifupi.

Kingamwili hii ni haba mno katika damu, na yaaminika kwamba kazi yake ya asili ni kupambana na minyoo. Kwa mwenye mzio, mwili hutengeneza IgE iliyochongwa sawasawa na umbo la protini fulani ya chakula. IgE hizo hujibandika juu ya seli zilizotapakaa katika ngozi, pua, mapafu na utumbo, seli zilizojaa histamini kama ghala lililojaa baruti. Zikiisha kubandikwa hutulia zikingoja. Siku protini hiyo itakaporudi, hata katika kijiko kimoja cha mchuzi, itazishika IgE mbili kwa wakati mmoja, na ghala litalipuka. Dakika chache hutosha: midomo huvimba, ngozi hutoka mabaka ya kuwasha, tumbo husokota, koo hubana, na katika hali mbaya kabisa shinikizo la damu huanguka na mtu akazirai.

Hapa msomaji atauliza swali la haki: kwa nini mwili wa mtoto mmoja uifundishe kinga yake kunyamaza, na wa mwingine uifundishe kupiga? Jibu halijakamilika, ila sehemu moja yake imejulikana vyema, nayo inatuhusu sana. Inategemea protini ile imeingilia mlango gani. Ikipitia kinywani, mara nyingi hupokewa kwa amani. Ikipitia katika ngozi iliyochanika, hasa ngozi ya mtoto mwenye ukurutu, seli zilizo chini ya ngozi huiona kama mvamizi, kwa sababu maumbile hayakukusudia chakula kiingie kwa njia hiyo. Mwaka 2003 Gideon Lack na wenzake walichapisha uchunguzi wa maelfu ya watoto wa eneo la Avon, Uingereza, wakaonyesha kwamba mzio wa njugu ulihusiana na kupakwa mafuta ya ngozi yenye mafuta ya njugu ndani yake. Mtoto hajala njugu hata moja, lakini ngozi yake imekwisha kuzijua, na imezijua kwa ubaya.

Mtoto anayeishi katika nyumba ambamo watu wazima wanatafuna njugu, vumbi lake likienea mikekani na mikononi, atakutana nazo tu. Ukimzuia asizile, hukumwondolea njugu. Umemfungia ule mlango wa amani na kuuacha wazi ule wa vita.

Kwa bahati mbaya, wakubwa wa tiba duniani walikuwa wameagiza kinyume cha hayo. Mwaka 1998 serikali ya Uingereza iliwashauri wazazi wenye historia ya mzio wasiwape watoto wao njugu hadi miaka 3. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikatoa orodha yake kwa watoto waliohofiwa kupata mzio: maziwa ya ng'ombe baada ya mwaka 1, mayai baada ya miaka 2, njugu na samaki baada ya miaka 3. Bila shaka msomaji ameitambua hesabu hiyo. Ndiyo ile ile inayotembea vijijini kwetu, imepoteza tu cheti chake cha kuzaliwa. Je, ulisaidia? Nchini Marekani watoto walioripotiwa kuwa na mzio wa njugu walikuwa 0.4% mwaka 1997, na kufikia mwaka 2008 walikuwa 1.4%. Mwaka huo wa 2008 Wamarekani waliufuta ushauri wao, na Waingereza wakafuata mwaka 2009.

Mwaka huo huo wa 2008 Lack na wenzake walitoa ulinganisho wa watoto wa Kiyahudi wa London na wenzao wa Israeli, watu wa asili moja. Wale wa London, ambao hawakupewa njugu utotoni, walikuwa na mzio wa njugu kwa kiwango cha 1.85%. Wale wa Israeli, wanaoanza kutafuna vibanzi vya njugu viitwavyo Bamba kabla hata ya meno kutimia, walikuwa na 0.17%. Tofauti ni zaidi ya mara kumi.

Ulinganisho, hata uwe mzuri vipi, si ushahidi kamili, kwa hiyo watafiti hao wakafanya jaribio. Walichukua watoto 640 wa kati ya miezi 4 na 11, wote wakiwa na ukurutu mkali au mzio wa yai. Nusu waliambiwa waepuke njugu kabisa, nusu wakalishwa chakula chenye njugu mara tatu au zaidi kwa wiki hadi wafike miaka 5. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Miongoni mwa wale ambao ngozi zao hazikuonyesha dalili mwanzoni, 13.7% ya walioepuka walipata mzio, dhidi ya 1.9% ya waliokula. Hata kwa wale ambao ngozi zao zilikuwa zimekwisha kuonyesha dalili kidogo, tofauti ilikuwa 35.3% kwa 10.6%. Watoto hao wamefuatiliwa tangu hapo, na ripoti ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba kinga hiyo ilikuwa ingali imara walipokaribia kubaleghe, hata kwa wale walioacha kula njugu mara kwa mara. Ni nadra katika tiba kupata jibu lililo wazi namna hiyo kwa gharama ya kijiko cha njugu zilizosagwa.

Yamkini atatokea wa kuniambia kwamba hao ni watoto wa Ulaya, na kwamba mzio wa chakula ni maradhi ya matajiri. Nakubali kwamba Afrika haijaathirika kwa kiwango hicho. Lakini tazama Afrika Kusini. Watafiti waliwapima watoto wa miaka 1 hadi 3 kwa kuwalisha chakula chini ya uangalizi wa daktari, wakapata mzio wa kweli kwa 2.5% ya watoto wa jiji la Cape Town, na kwa 0.5% tu ya watoto wa mashambani katika jimbo la Eastern Cape. Nchi moja, ila mjini mzio ni mara tano. Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru zinakua kila mwaka. Hatuna sababu ya kungoja tufike pale ndipo tuanze kufikiri.

Na hasara ya woga huu kwetu ni kubwa kuliko ya Wazungu. Mtoto wa London aliyenyimwa yai atapewa nyama, jibini na maziwa yaliyoongezwa madini. Mtoto wa Kwale au wa Pokot aliyenyimwa yai hubaki na uji wa mahindi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba 18% ya watoto wetu wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki yai lilikatazwa kwa watoto tangu kale, eti litawachelewesha kusema. Leo mwiko ule wa nyanya umevalishwa koti jeupe la daktari, ukaitwa tahadhari ya mzio. Ajabu ni kwamba katika kaunti za Homa Bay na Busia, ambako njugu hulimwa, utawaona kina mama wakizipeleka sokoni magunia kwa magunia huku watoto wao wakinyweshwa uji mtupu. Ilhali hospitali hizo hizo za kaunti, mtoto akishakonda hadi mbavu zikahesabika, humpa pakiti ya lishe ya dharura ambayo aghalabu imetengenezwa kwa njugu, maziwa, mafuta na sukari, iliyobuniwa na Mfaransa André Briend mwaka 1996. Njugu zile zile alizokatazwa akiwa na afya anapewa akiwa mahututi, na humwokoa.

Sisemi watoto walishwe njugu siku ya kuzaliwa. Miezi 6 ya kwanza ni ya maziwa ya mama, na hakuna lolote katika hayo niliyoyaeleza linaloipinga kanuni hiyo. Baada ya hapo, mtoto akiwa mzima, anaweza kuonjeshwa njugu zilizosagwa zikawa laini na kukorogwa ndani ya uji, yai lililochemshwa likaiva barabara, samaki aliyetolewa miiba. Kimoja kimoja, kidogo kidogo, asubuhi mtoto akiwa macho ili mama aweze kumtazama kwa saa mbili hivi. Akikubaliana nacho, aendelee kupewa kila wiki, kwa sababu kinga husahau somo lisilorudiwa. Njugu nzima asipewe kabisa kabla ya miaka 5, lakini hiyo ni kwa kuwa zaweza kumkwama kooni, si kwa ajili ya mzio. Na mtoto mwenye ukurutu mkali, au ambaye amewahi kuvimba baada ya kula, huyo apelekwe kwa daktari kwanza. Ukurutu wenyewe utibiwe mapema, na ngozi yake iliyochanika isisuguliwe mafuta ya chakula yaliyokamuliwa nyumbani, yawe ya simsim au ya njugu.

Nitataja upishi kwa kupita tu, maana mengi husemwa ambayo si kweli. Moto hubadili umbo la protini, ila si zote, wala si kwa njia moja. Watoto wengi wenye mzio wa yai huweza kula yai lililookwa ndani ya keki, kwa kuwa baadhi ya protini zake hukunjuka kwa joto. Njugu zilizokaangwa huchochea IgE kuliko zilizochemshwa. Kamba na kaa nao hawabadiliki hata uwachemshe mchana kutwa. Protini yao iitwayo tropomiosini haiogopi maji ya moto. Tena inafanana mno na ile iliyomo katika mende na katika utitiri wa vumbi la nyumbani, na ndiyo sababu mtu mwenye pumu ya vumbi aweza siku moja kushangaa akivimbishwa na sahani ya kamba.

Si kila anayedhurika na chakula ana mzio, na katika hili tunapotezwa sana. Anayeharisha kwa maziwa mara nyingi amekosa kimeng'enya cha kuyeyushia sukari ya maziwa, kinga haihusiki. Jamii zetu za wafugaji nyingi zina mabadiliko ya jeni yanayowawezesha kuyanywa hadi uzeeni, jambo lililothibitishwa mwaka 2007 kwa uchunguzi uliohusisha Kenya na Tanzania. Anayewashwa na kuwa mwekundu baada ya kula jodari aliyelala juani bila barafu amekunywa histamini iliyotengenezwa na bakteria ndani ya samaki huyo, na yeyote aliyekula naye sahani moja huenda akapatwa vivyo hivyo. Wale 125 waliofariki kati ya wagonjwa 317 katika kaunti za Makueni, Kitui na jirani zake mwaka 2004 waliuawa na sumu ya kuvu katika mahindi. Sumu humwua yeyote. Mzio humchagua mtu. Njugu zilizoota kuvu zitupwe, lakini zisitiwe katika kesi ya mzio.

Kisha kuna biashara ya vipimo. Siku hizi mtu hutolewa damu, akalipishwa maelfu ya shilingi, akarudishiwa orodha ya vyakula 40 ambavyo eti mwili wake umevikataa. Vingi vya vipimo hivyo hupima kingamwili aina ya G, ambayo huongezeka kwa sababu tu mtu amekula chakula hicho na kukizoea. Watoto waliolishwa njugu katika jaribio la London walikuwa nayo kwa wingi kuliko wale walioziepuka, na ndio waliokuwa salama. Kwa maneno mengine, mteja hulipa ili aambiwe alichokula, kisha akatazwe kukila. Hata kipimo cha IgE chenyewe hakitoshi peke yake. Nchini Ghana watafiti waliwapata watoto wenye IgE ya njugu damuni ambao walikula njugu kila siku bila hata kujikuna. Chanzo kilionekana kuwa kichocho, ambacho humfanya mwenye nacho atoe kingamwili za sukari fulani iliyomo ndani ya njugu pia. Katika nchi yenye kichocho na minyoo kama yetu, daktari anayesoma karatasi ya maabara bila kumsikiliza mgonjwa atawanyima watu wengi chakula chao bure.

Sasa niwageukie wenye mzio wa kweli. Hawa wapo, hata kama ni wachache, na maisha yao yamo hatarini kwa kijiko kimoja. Dawa inayowaokoa ni moja, nayo ni adrenalini, ambayo huibana mishipa iliyolegea, huifungua njia ya pumzi na kuupa moyo nguvu. Si dawa ngeni wala ghali. Imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima, hupatikana katika kichupa cha mililita moja chenye miligramu moja, na hudungwa katika msuli wa paja, upande wa nje, kwa kipimo cha miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, bila kuzidi miligramu 0.3 kwa mtoto na 0.5 kwa mtu mzima. Kalamu zile wanazobeba Wazungu mifukoni, zinazojidunga zenyewe, kwetu ni adimu na bei yake haishikiki. Lakini kichupa na bomba la sindano vyaweza kuwamo katika kila zahanati.

Kinachotendeka aghalabu ni kingine. Mtoto akivimba hupewa kidonge cha Piriton, na nyumbani hunyweshwa maziwa kwa imani kwamba maziwa huvunja sumu. Kidonge kile hutuliza kuwashwa, lakini hakifungui koo lililobana wala hakiinui shinikizo la damu lililoanguka. Na maziwa, kwa mtoto ambaye mzio wake ni wa maziwa, ni petroli juu ya moto. Mtoto wa namna hiyo alazwe chali miguu ikiinuliwa, au aachwe aketi ikiwa pumzi inambana; asisimamishwe wala asitembezwe, na apate adrenalini kwanza, mengine baadaye.

Serikali ilipowakabidhi wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mikoba ya vifaa mwaka 2023, ilijipatia jeshi la kuifikia kila nyumba. Jeshi hilo lifunzwe mambo mawili ambayo hayahitaji digrii: kumwambia mama aanze kumpa mwanawe yai na njugu baada ya miezi 6, na kuzitambua dalili za mzio mkali ili mgonjwa akimbizwe. Kaunti nazo zihakikishe adrenalini haikosekani katika zahanati, na kwamba muuguzi wa zamu ana ruhusa na ujasiri wa kuidunga bila kungoja daktari ambaye yuko umbali wa kilomita 30.

Kuhusu lebo, Uingereza ilibadilisha sheria yake mwaka 2021 baada ya msichana mmoja kufariki mwaka 2016 kwa simsim iliyokuwa ndani ya mkate bila kutajwa. Sisi tatizo letu haliko sana katika pakiti za kiwandani. Liko katika kinu cha posho, ambacho huusaga mtama, kisha soya, kisha njugu, kisha omena, bila kufagiliwa katikati, na katika unga wa uji unaopimwa kwa kopo sokoni na ambao muuzaji mwenyewe hajui mna nini ndani yake. Hakuna lebo itakayobandikwa juu ya kopo. Ila mwenye kinu aweza kuombwa asage njugu mwisho wa siku na kuosha baadaye, na mzazi mwenye mtoto wa mzio aweza kuwa wa kwanza asubuhi.

Shule za bweni ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Barua ya kumkaribisha mwanafunzi mpya huorodhesha godoro, ndoo, blanketi na idadi ya vipande vya sabuni. Kungechapishwa mstari mmoja zaidi wa kuuliza ni chakula gani kinachomdhuru mtoto huyu, na mwingine wa kumtaja mtu katika shule hiyo atakayemdunga sindano usiku wa manane akidhurika.